Msomaji Hadaiwi Jina

Muuza magazeti wa barabarani hajapata kukuuliza jina lako. Anachokuuliza ni shilingi. Ukimpa, anakupa gazeti nawe unakwenda zako. Ukilisoma ukurasa wa siasa, ukilisoma ukurasa wa michezo au ukilifungia maandazi, hilo si shauri lake. Jioni hampelekei mtu daftari lililoandikwa kwamba fulani, mkazi wa mahali fulani, saa mbili na dakika kumi asubuhi, alinunua gazeti lenye habari za ubadhirifu katika wilaya yake. Tungemwona na daftari la namna hiyo tungestaajabu, na wengi wetu tungehamia kwa muuzaji mwingine.

Sasa chukua habari zilezile, ziwe ripoti ya ukaguzi wa hesabu, makadirio ya bajeti au sheria iliyotiwa saini mwezi uliopita, uziweke katika seva. Kila anayezipakua anaandikwa. Seva, kwa desturi yake, hunakili anwani ya IP ya aliyeomba faili, tarehe, saa hadi sekunde, jina la faili, na mara nyingi aina ya kivinjari kilichotumika. Si lazima pawe na mtu aliyeamua hivyo kwa nia mbaya: programu za seva huja zikiwa zimepangwa hivyo, na mafundi huzihitaji kumbukumbu hizo wanapotafuta hitilafu. Hata hivyo daftari lipo, na anwani ya IP mbele ya kampuni ya simu si tarakimu tupu. Nchini kwetu Uganda laini ya simu husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Kutoka anwani hadi laini, kutoka laini hadi jina la mtu: ni hatua mbili tu, na mwenye mamlaka ya kuziamuru hahitaji kuinuka kitini.

Nasema hivi, na nitalitetea neno langu: hati ikisha kutangazwa kwa umma, msomaji wake hadaiwi jina. Anayeifuata kwa njia ya Tor, mtandao unaoificha anwani ya msomaji, anajirudishia tu heshima ileile aliyokuwa nayo mbele ya muuza magazeti. Na taasisi inayofunga mlango wa seva yake mbele ya kila atokaye Tor, ilhali faili zilizomo ni mali ya umma, inadai deni ambalo hakuna aliyelikopa.

Kabla ya kusonga mbele, tuyatenganishe maneno mawili ambayo wanafunzi wangu huyachanganya katika insha kwa kutojua, na ambayo baadhi ya wakubwa huyachanganya kwa makusudi: siri na faragha. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, lakini hayabebi mzigo mmoja. Siri ni jambo lililofichwa ili wengine wasilijue. Faragha ni hali ya mtu kuwa peke yake, au pamoja na wale aliowachagua, bila jicho la asiyealikwa. Mtu anapofunga mlango wa bafu hana siri yoyote. Nyumba nzima inajua kwamba anaoga. Mgonjwa anayemwomba daktari avute pazia hajaficha uhalifu nyuma ya pazia hilo. Vivyo hivyo ripoti ya ukaguzi si siri, kwa kuwa imetangazwa na kila mtu anaruhusiwa kuisoma. Anachokitaka msomaji wa Tor ni faragha ya kusoma. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Kama huna la kuficha, kwa nini ujifiche?", tambua kwamba amekubadilishia sarafu mkononi. Wewe umemwomba faragha. Yeye amekujibu habari za siri.

Nani ana haja ya faragha hiyo? Mfikirie karani wa wilaya. Amesikia kwamba fedha za kisima cha kijijini kwao zimeandikwa kuwa zimetumika, naye hupita pale kila Jumapili na haoni kisima. Anataka kuisoma ripoti ya mkaguzi kabla ya kufungua kinywa chake, jambo ambalo sote tungelipongeza, kwa sababu afadhali mtu asome kwanza aseme baadaye. Kompyuta aliyo nayo ni ya ofisi, na mtandao wa ofisi unasimamiwa na mtu anayekula meza moja na wale waliotia saini hundi. Hata kama tovuti ya mkaguzi inatumia https, ambayo huyasimba mawasiliano yasisomeke njiani, msimamizi huyo anaweza kuona kwamba kompyuta ya karani imeitembelea tovuti ya mkaguzi, saa ngapi na kwa muda gani. Karani hajasema neno. Hajamshtaki mtu. Amesoma tu, na tayari ameonekana akisoma. Mwongeze hapo binti anayetaka kupakua mwongozo wa ugonjwa asioweza kuutaja nyumbani, na mwandishi wa habari anayefuatilia zabuni. Mwongeze pia mwalimu anayesoma mswada ambao mwajiri wake anaupigia debe.

Hebu nieleze jinsi Tor inavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wanaoiogopa hawaijui, na wengi wanaoisifu hawaijui vilevile. Kitenzi chetu *kupakua* kitatusaidia. Kimeundwa kwa kauli ya kutendua, kama vile *kunja* huzaa *kunjua* na *ziba* huzaa *zibua*: kilichopakiwa hupakuliwa, iwe ni shehena melini au wali chunguni. Katika upakuaji wa kawaida ni kana kwamba mzigo wako unabebwa na hamali mmoja, ambaye anaijua bohari ulikotoka na anaujua mlango wako. Katika Tor mzigo hupita kwa mahamali watatu. Ombi lako hufungwa katika tabaka tatu za msimbo, ganda juu ya ganda, na ndiyo maana mtandao huu umejipa alama ya kitunguu. Kituo cha kwanza kinaiona anwani yako lakini hakijui unakokwenda. Cha kati hakikujui wewe wala hakiijui seva. Cha tatu, ambacho huitwa kituo cha kutokea, kinaijua seva lakini hakikujui. Faili hurudi kwa njia hiyohiyo, na katika daftari la seva huandikwa anwani ya kituo cha tatu. Vituo hivyo ni maelfu, vimetawanyika katika nchi nyingi, na huendeshwa na watu wa kujitolea: vyuo, vyama vya kiraia, na watu binafsi wanaolipa umeme na intaneti kutoka mifukoni mwao.

Asili ya mtandao huu itawashangaza wale wanaodhani kwamba ulibuniwa na wahuni. Wazo lake lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, kwa kazi ya David Goldschlag, Michael Reed na Paul Syverson. Programu yenyewe ilianza kutumika mwaka 2002, Syverson akishirikiana na Roger Dingledine na Nick Mathewson, na mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la faida la kuisimamia. Kwa nini jeshi likubali chombo chake kitumiwe na kila mtu? Kwa sababu mtandao unaotumiwa na wanamaji peke yao ungemtambulisha kila atokaye humo kuwa mwanamaji. Ili mmoja afichike, lazima wawepo wengi wa kila namna, wenye haja za kila namna. Hoja hiyo huwageukia wanaosema kwamba Tor ni ya wahalifu: ukiwafukuza wasomaji wa kawaida kutoka humo, wewe ndiwe unayeifanya iwe ya wahalifu.

Sasa nirudi kwenye mlango uliofungwa. Orodha ya vituo vya kutokea haifichwi. Shirika la Tor lenyewe huitangaza, kwa uungwana, ili kila mwenye seva ajue anayebisha hodi ametoka wapi. Uungwana huo umelipwa kwa makufuli. Kampuni zinazouza ulinzi wa tovuti zimeweka kitufe cha kuwazuia watu wa Tor, na fundi wa taasisi hukibonyeza siku ya kwanza, au hukikuta kimekwisha kubonyezwa, kisha hakifikirii tena. Nilipokuwa nikiwaandalia wanafunzi wa kidato cha tano zoezi la kufasiri lugha ya bajeti, nilifungua kivinjari cha Tor nikaenda kwenye tovuti ya taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Nilichokipata ni ukurasa mweupe wenye sentensi moja: ombi lako limezuiwa kwa sababu za usalama. Usalama wa nani? Faili ile ina kurasa mia mbili na ushei za tarakimu ambazo zimekwisha kujadiliwa mbele ya kamera. Haiibiki kwa kusomwa. Nilipoomba kwa njia ya kawaida, anwani yangu ikining'inia kifuani kama beji, mlango ulifunguka mara moja. Faili ilikuwa ileile na msomaji yuleyule. Tofauti pekee ni kwamba mara ya pili daftari lilipata jambo la kuandika.

Nimezungumza na mafundi, nao si watu wabaya. Husema kwamba kupitia Tor huja programu zinazobahatisha nywila usiku kucha, huja matangazo ya utapeli katika fomu za maoni, huja matusi. Ni kweli, siwezi kuwakanusha. Kisha hufikia hitimisho kwa methali ya samaki mmoja akioza. Methali hiyo inafaa sokoni, mbele ya tenga, kwa sababu uozo wa samaki huambukiza jirani yake. Wasomaji hawaambukizani kwa kupita mlango mmoja. Stendi ya mabasi ina wezi wa mifukoni, na hatujaona manispaa ikiifunga stendi.

Tena, hayo yote wanayoyalalamikia ni makosa ya kuandika: kujaza fomu, kubahatisha nywila, kubandika maoni. Kupakua ni kusoma. Msomaji haachi kitu ndani ya seva. Anaondoka na nakala, na asili inabaki mahali pake. Tazama jinsi Wikipedia ilivyoitenga milango hiyo miwili. Mtu wa Tor haruhusiwi, kwa kawaida, kuhariri makala, kwa kuwa wahariri wamechoka kufuta upuuzi. Lakini kusoma anasoma apendavyo. Unaweza kubishana nao kuhusu nusu ya kwanza, na wapo wanaobishana nao. Nusu ya pili hakuna anayeipinga. Taasisi zetu zimeshindwa kufanya hata utengano huo mdogo: zinamfungia anayetaka kusoma kwa sababu ya kosa la anayetaka kuandika. Kama hofu ni kwamba seva italemewa, fundi anaweza kupunguza kasi, au kuweka kikomo cha maombi kwa dakika. Hayo ni marekebisho ya mchana mmoja.

Mpinzani wangu mwenye nguvu zaidi, hata hivyo, hazungumzii fomu za maoni. Anazungumzia maovu makubwa: soko la dawa za kulevya lililoitwa Silk Road, na picha za watoto wanaodhulumiwa. Sitalipita jambo hilo kwa kufumba macho. Maovu hayo yamepita ndani ya Tor, na yanastahili kila juhudi ya polisi. Lakini tuulize yanakamatwaje. Mwenye Silk Road alikamatwa Oktoba 2013, ndani ya maktaba ya umma mjini San Francisco, baada ya upelelezi wa subira uliofuata, pamoja na mambo mengine, maandishi aliyokuwa ameyaacha mwenyewe mtandaoni miaka ya nyuma pamoja na anwani yake ya barua pepe. Huo ni upelelezi hasa: mtu mmoja anatuhumiwa, mtu mmoja anafuatwa. Kumzuia karani wetu asiisome ripoti ya kisima hakujamkaribisha mpelelezi kwa mhalifu hata kwa unyayo mmoja. Muuza dawa za kulevya haendi kupakua makadirio ya bajeti.

Na sheria inasemaje? Mwanafunzi wa uraia anapaswa kuzijua ibara mbili za Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Ibara ya 27 inakataza kuingiliwa kwa faragha ya nyumba ya mtu, barua zake na mawasiliano yake. Ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kutahatarisha usalama wa nchi au haki za mtu mwingine. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 ikaongeza jambo ambalo naliona kuwa tamu kuliko yote: haki hiyo haiathiriwi na sababu anayoitoa mwombaji, wala na dhana aliyo nayo ofisa kuhusu sababu hiyo. Soma tena, msomaji. Ofisa hana ruhusa ya kukunyima hati kwa kuwa ameidhania vibaya nia yako. Kufuli lililowekwa mbele ya Tor ni nini, kama si dhana ya ofisa iliyogeuzwa kuwa mashine? Atatokea mtu wa kusema kwamba haki ni ya raia, na mtu wa Tor hajaonyesha uraia wake. Jibu ni jepesi: hati iliyowekwa wazi mtandaoni imekwisha kutolewa kwa ulimwengu mzima. Mtu aliyeko Oslo au Muscat huipakua bila kuulizwa pasipoti. Itakuwaje basi mwananchi wa Gulu ndiye ashukiwe?

Jirani zetu nao wana kisa chao. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN, ambazo ni binamu wa mbali wa Tor, wajisajili na kuitaarifu mamlaka anwani ya IP wanayoitumia. Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka: ni sawa na kumwambia mtu avae barakoa kisha abandike picha yake juu ya barakoa. Hata hivyo kicheko kisitusahaulishe maana ya agizo. Agizo la namna hiyo hulichukulia pazia kuwa tuhuma, na kumwachia mwenye pazia kazi ya kujitakasa.

Nimewasema wakubwa, sasa nitawasema ninyi vijana, maana wapo miongoni mwenu wanaoivaa Tor kama hirizi. Hirizi huvaliwa na mtu akaendelea kufanya mambo yake bila kufikiri. Tor haimlindi mtu asiyefikiri.

Kwanza, wale mnaopakulia filamu. Seva nyingi za kuhifadhia faili huhesabu kwa anwani: anwani moja, faili moja kwa saa kadhaa, kisha lipa au ngoja. Mnakimbilia Tor ili mpate anwani mpya na msingoje. Matokeo yake ni kwamba kituo kimoja cha kutokea, kinachotumiwa na mamia ya watu kwa wakati mmoja, huandikwa kuwa kimekwisha kupakua, na yule asiyewahi kupakua kitu huambiwa kwamba zamu yake imepita. Mbaya zaidi ni torenti. Tangu mwaka 2010 watu wa Tor wamewasihi wanaozitumia waache, kwa sababu mbili: programu hizo huweza kuitaja anwani yako halisi ndani ya ujumbe wenyewe, na mzigo wake huwalemea watu wa kujitolea. Njia waliyoilipia wengine ili karani asome ripoti, ninyi mnaijaza filamu za mapigano.

Pili, kituo cha kutokea ni mgeni usiyemjua. Kinafungua ganda la mwisho, na kama ndani hamna msimbo mwingine, kinasoma kila kitu. Itifaki ya FTP, ambayo ni njia kongwe ya kuhamisha faili, ilibuniwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, siku ambazo kompyuta zilizounganishwa zilihesabika na watumiaji wake walikuwa jamii ndogo. Ndiyo maana haikusimbwa: jina na nywila hupita uchi, na katika mojawapo ya namna zake za zamani kompyuta yako yenyewe huandika namba yake ndani ya ujumbe, kama mtu anayetuma barua isiyo na jina kisha akatia sahihi ndani. Chrome na Firefox ziliiacha FTP mwaka 2021, lakini zipo seva, hasa za hifadhi za zamani, ambazo bado zinaitumia. Kuiendea seva ya namna hiyo kupitia Tor ni kumkabidhi mgeni nywila yako. Na mgeni huyo anaweza kufanya zaidi ya kusoma. Mwaka 2014 mtafiti Josh Pitts aligundua kituo cha kutokea nchini Urusi kilichokuwa kikipachika programu hasidi ndani ya programu ambazo watu walizipakua bila usimbaji. Waliomba programu moja, wakaletewa mbili.

Kwa hiyo tazama kama anwani inaanza kwa https, na kama haianzi hivyo, usipakue. Pale ambapo mwenye faili ametangaza alama ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika kabisa hata kama faili imebadilishwa herufi moja, ilinganishe na alama ya faili uliyoipata. Ukisha kupakua hati, zima intaneti kabla ya kuifungua, kwa maana hati nyingine huita picha kutoka mtandaoni zinapofunguliwa, na wito huo haupiti Tor. Usiingie kwenye akaunti yenye jina lako ukadhani hujulikani. Na kumbuka kwamba msimamizi wa mtandao wa ofisi, ingawa haoni unachosoma, anaweza kuona kwamba unatumia Tor. Karani wetu atafanya vyema kuiacha kompyuta ya ofisi.

Wala Tor si dawa ya kila maradhi. Usiku wa tarehe 13 Januari 2021, kuamkia uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini Uganda nzima, nayo haikurudi hadi tarehe 18. Barabara ikikatwa, pazia la gari halisaidii. Tor ina milango ya pembeni iitwayo madaraja, ambayo haimo katika orodha ya wazi na hufaa pale serikali inapoizuia Tor yenyewe. Lakini daraja nalo linahitaji mto wenye ng'ambo ya pili. Wanaouza ndoto kwamba programu moja inaweza kumshinda mwenye ufunguo wa nyaya wanawadanganya.

Kinachowezekana ni kidogo kuliko ndoto hiyo, na kimekwisha kufanywa kwingine. Mradi wa Debian, unaotoa mfumo endeshi wa bure, ulizifungulia seva zake za faili anwani za Tor mwaka 2016, anwani zinazoishia kwa *.onion*, ili mtu apakue programu bila hata kutoka kwenye kituo cha kutokea. BBC ilifanya hivyo kwa habari zake Oktoba 2019. Hawa si majambazi. Ni watu waliojiuliza wasomaji wao wako wapi na wanaogopa nini. Anwani ya namna hiyo huondoa pia ule woga wa mgeni wa mwisho, kwa kuwa msimbo hufika hadi ndani ya seva yenyewe. Programu yake ni ya bure, na fundi mmoja anaweza kuisimika.

Ninachowaomba wanafunzi wa klabu za uraia ni barua. Iandikeni kwa Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa mujibu wa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na msiogope kwamba haitasomwa. Ambatisheni tafsiri ya Kiingereza kama mnataka kumrahisishia ofisa kazi. Iandikwe kwa ofisa wa habari wa taasisi ambayo seva yake inaizuia Tor, mkiwa mmeijaribu wenyewe na kuandika tarehe, saa na maneno yaliyotokea. Ulizeni kama faili za umma zinaweza kupakuliwa kwa Tor, hata kama fomu za maoni zitabaki zimefungwa. Ulizeni ni uamuzi wa nani uliozifunga. Kisha ulizeni swali ambalo nadhani halijapata kuulizwa na mtu katika ofisi nyingi: daftari la seva huandika nini juu ya anayepakua, hutunzwa siku ngapi, na nani ana ruhusa ya kulisoma.

Barua hiyo itakuwa na majina yenu, naam. Wachache watajitokeza kwa majina ili wengi wasome bila majina. Walio na la kupoteza wasitie sahihi. Sheria inampa ofisa siku 21 za kujibu, kwa hiyo ipelekeni kwa mkono na mwombe mhuri wenye tarehe kwenye nakala yenu.